Kabla hujamfukuza msaidizi wako, kagua skrini anayotumia

Somo la leo ni kuhusu programu za kuuzia na kuhesabia stoki. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana hili somo nimelilipia ada.

Nina duka la viatu na mikoba Bukoba mjini, na oda nyingi zinatoka WhatsApp na Instagram. Mwaka jana nilifungua kijisehemu Muleba nikamweka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mteja wa Nshamba au Kamachumu anaagiza mtandaoni, mzigo anachukulia pale, hana haja ya kuja mpaka Bukoba. Nikanunua programu ya mauzo (jina silitaji), nikamwekea kwenye simu. Mimi nakaa Bukoba naangalia stoki ya Muleba kiganjani. Nikajiona boss kweli.

Wiki ya tatu programu inasema Muleba kuna pea 31 za raba. Nikamwambia ahesabu, akapata 19. Pea 12 hazipo! Nikampigia simu, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akanijibu tu: "Dada, mimi sijachukua hata kamba ya kiatu." Nilishaamua kumrudisha nyumbani. Mama ndiye alinizuia: "Waitu, nenda kwanza ukakae naye."

Jumamosi nikapanda Hiace nikaenda. Nikakaa kwenye stuli nyuma yake, kimya. Mteja akija, dogo anafungua programu: visanduku 14 vya kujaza, vyote Kiingereza. Ghala, kodi, punguzo, namba ya bidhaa. Vinavyotuhusu sisi havizidi vinne. Chini kabisa kuna vitufe viwili vya bluu vinafanana kama mapacha, kimoja cha kuuza, kingine cha kurudisha bidhaa. Kwa mteja wa tatu nikaona kidole kinagusa cha kurudisha. Kiatu kimetoka dukani, programu inasema kimeingia.

Piga hesabu. Stoki ilitakiwa ishuke 1, badala yake imepanda 1. Kosa moja linaleta tofauti ya pea 2. Makosa 6 ndiyo hizo pea 12. Na hela ya zile pea 6 zilizouzwa ilikuwepo yote, dogo kaiandika kwenye daftari lake chini ya kaunta. Mimi sikuuliza hela. Niliamini skrini kuliko ndugu yangu.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari lisiloeleweka nalo linapoteza mali, na linaweza kukupotezea na mtu.

JIFUNZE KWA M-PESA

Bibi yangu Kiingereza hajui, lakini *150*00# anaitumia vizuri tu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikaingia kwetu 2008, ikawafikia mpaka watu wenye simu za batani. Angalia menyu yake ilivyopangwa:

- Ni Kiswahili.
- Inakuuliza kitu kimoja kwa wakati mmoja.
- Unachagua namba kwenye orodha, maneno marefu huandiki.
- Kabla hela haijatoka, inakuonyesha kiasi na anayepokea, ndipo uthibitishe.

Hayo manne ndiyo kipimo changu. Skrini ya duka lako ikikosa hata mawili, tegemea makosa.

TENGENEZA SKRINI YAKO MWENYEWE, BURE

Mimi niliishia kidato cha nne, haya nimejifunzia kwenye simu usiku. Na wewe unaweza. Unahitaji akaunti ya Google tu.

1. Fungua Google Forms kwenye kivinjari, tengeneza fomu mpya. Iite "NIMEUZA". Jina likiwa wazi hakuna wa kuchanganya. Bidhaa ikirudishwa, iwe na fomu yake tofauti yenye rangi nyingine kabisa.

2. Weka maswali manne tu: Umeuza nini? Ngapi? Umepokea shilingi ngapi? Amelipaje? Yote yafanye ya lazima.

3. Swali la bidhaa na la malipo yawe ya kuchagua kwenye orodha. Changanya jina na saizi, mfano "Raba nyeupe 40". Idadi na hela zikubali tarakimu tu. Tarehe na saa usiulize, Google inajaza yenyewe.

4. Unganisha fomu na Google Sheets. Ukurasa wa majibu upe jina Mauzo. Bidhaa itakaa safu B, idadi safu C.

5. Ongeza ukurasa mwingine, uite Stoki. Safu A jina la bidhaa, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye fomu. Safu B idadi uliyoanza nayo. Safu C, mstari wa 2, andika: =B2-SUMIF(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!C:C) kisha ivute chini. Hapo ndipo pana zilizobaki. Ikikataa koma, weka nukta mkato. Bidhaa ikirudi, au mzigo mpya ukiingia, mwenye duka anaongeza idadi kwenye safu B.

6. Kwenye simu ya msaidizi, fungua fomu kwa Chrome, bonyeza vidoti vitatu, iweke kwenye skrini ya mwanzo. Inakaa kama programu nyingine. Jedwali lenyewe usimpe aliguse, wala linki ya fomu usiisambaze.

TAHADHARI

Mtandao ukikata fomu haitumwi, kwa hiyo daftari la karatasi libaki kaunta. Akikosea asijaribu kufuta. Akuambie, urekebishe wewe kwenye jedwali. Na kila jioni linganisha vitu vitatu: rafu, jedwali na hela. Ukiangalia kimoja tu utamwonea mtu, kama mimi.

KAMA TAYARI UNALIPIA PROGRAMU

Usiitupe haraka. Ingia kwenye mipangilio, tafuta lugha, ficha visanduku usivyotumia. Ikishindikana mwite fundi aliyekuuzia. Usimwambie "ifanye iwe rahisi", hatakuelewa. Chora kwenye karatasi skrini unayoitaka: maswali yapi, yafuatane vipi, kitufe gani kiwe kijani na kipi chekundu, na neno gani litokee kabla ya kuhifadhi. Fundi mzuri anaishukuru hiyo karatasi.

JARIBIO LA STULI

Ukishamaliza, kaa nyuma ya msaidizi wako kwa mauzo matano. Usiongee, usimwelekeze. Kila anaposita, andika. Pale anaposita ndipo pa kurekebisha, na ujue tatizo liko kwenye skrini.

Mimi nilipofanya hivyo nikagundua hata majina niliyoweka yalikuwa yangu, siyo ya wateja. Nilikuwa nimeandika "kiatu cheusi cha kamba". Muleba wanaita "cha shule", basi. Orodha nzima akaiandika upya dogo mwenyewe, na tangu hapo kumaliza kujaza hakumchukui hata dakika.

Mdogo wangu bado yuko Muleba. Nilimwomba radhi mbele ya mama, akacheka, akaniambia: "Dada, siku nyingine uje na stuli kwanza, simu baadaye."

Kazi yako ya leo: hesabu visanduku vilivyopo kwenye skrini unayouzia, kisha hesabu unavyovihitaji kweli. Ukikwama kwenye hatua yoyote niulize, tutasaidiana. Biashara njema.