Kuangalia video za intaneti bila programu za nyongeza



Katika ziara zetu za maparokia tumekutana mara kwa mara na tatizo hili: kamati inafungua video ya mafunzo, na badala ya picha linatokea boksi tupu lenye maneno kwamba Flash Player inahitajika. Mahali pamoja katibu alitii, akapakua programu aliyoonyeshwa. Kumbe ilikuwa virusi. Daftari la michango lililokuwa ndani ya kompyuta halikufunguka tena, na nakala haikuwepo. Kamati ililazimika kuhesabu upya kwa stakabadhi, moja baada ya nyingine, na taarifa ya wahisani ikachelewa.

Flash tunayoizungumzia siyo flashi ya kuhifadhia mafaili. Ilikuwa programu ya nyongeza. Zamani kivinjari, yaani programu tunayofungulia tovuti, hakikuweza kuonyesha video chenyewe, bali kilitegemea msaidizi wa namna hiyo. YouTube ilipoanza mwaka 2005 iliitegemea Flash. Baadaye ikaja HTML5, lugha ya kuandikia kurasa inayokiwezesha kivinjari kuonyesha video bila msaidizi. YouTube iliifanya kuwa njia yake ya kawaida Januari 2015. Adobe, kampuni yenye Flash, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia isionyeshe kitu.

Kwa hiyo leo, ukurasa unaokutaka uweke Flash ama umezeeka, ama ni wa tapeli. Tunashauri yafuatayo:

1. Usipakue. Funga ukurasa huo, kisha itafute video hiyo mahali pengine.

2. Tumia kivinjari cha karibuni, kama Firefox au Chrome, kilichopakuliwa kutoka tovuti ya wenyewe. Kompyuta ya Windows XP haipokei tena vivinjari hivyo vipya. Video iangalieni kwa simu.

3. Video za zamani zenye jina linaloishia na .flv msizitupe. VLC, programu ya bure, huzifungua, na huweza kuzigeuza kuwa MP4, ambayo simu na kompyuta nyingi huionyesha.

4. Daftari la fedha liwe na nakala nje ya kompyuta, na nakala hiyo itengenezwe kila mwezi.

Kwa wahisani wetu wanaotuma mafunzo kwa video, tunawaomba mtume faili la MP4. Kamati ikilipakua mara moja, inaweza kulionyesha katika kila kigango bila kununua bando jingine.

Maswali ya kujadili katika kamati:
– Nani ana ruhusa ya kuweka programu mpya kwenye kompyuta ya parokia?
– Ikiharibika leo, nakala ya daftari letu iko wapi?