Hofu ya Ugonjwa: Namna ya Kuishi Nayo na Kuishinda



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya maji safi, vyandarua na chanjo. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwenye darubini ya maabara, lakini unamaliza fedha, usingizi na amani ya nyumba. Ni hofu ya ugonjwa. Wengi wetu tunaufahamu kwa jina la "mawazo mengi".

Baada ya somo hili msomaji ataweza:
1. kutofautisha tahadhari na hofu iliyozidi;
2. kueleza kwa nini hofu inaumiza mwili;
3. kujua njia tatu za kujisaidia: mazungumzo, kubadili maisha ya kila siku, na dawa;
4. kujua dalili ambazo hazifai kungojewa hata saa moja.

HOFU YA UGONJWA NI NINI?

Kuogopa ugonjwa si kosa. Hofu hiyo ndiyo inayotufanya tunawe mikono na tuwapeleke watoto kuchanjwa. Lakini kwa watu wengine hofu haitulii. Mtu amepimwa, ameambiwa hana ugonjwa, amefurahi siku mbili, na siku ya tatu anaanza tena kuwaza kwamba kipimo kilikosea. Hali hiyo ikidumu kwa miezi na ikamzuia kufanya kazi, kulala au kutunza watoto, ni ugonjwa wa hofu na una matibabu.

Mtu mwenye hofu hii huonekana hivi:
- anajigusa shingo, tumbo au matiti mara nyingi kwa siku akitafuta uvimbe;
- anahesabu mapigo ya moyo usiku;
- anazunguka kituo hadi kituo na duka la dawa hadi duka la dawa, akiwa na mfuko wa kadi na karatasi za vipimo;
- anauliza jamaa zake swali lile lile: "Hivi mnaona nitapona?"
- au kinyume chake, anaogopa kabisa kwenda kupimwa, asije akasikia jina la ugonjwa.

Mtu huyu si mwongo, wala hajifanyi. Maumivu anayoyasikia ni ya kweli. Kinachokosewa ni maana anayoyapa.

TAHADHARI INA MWISHO

Tuchukue mfano unaotuhusu. Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ya Uganda ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan wilayani Mubende. Ugonjwa ulifika katika wilaya tisa. Mojawapo ni Kyegegwa, ambako kuna kambi ya Kyaka II, na nyingine ni Jinja. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 11 Januari 2023. Halafu tarehe 30 Januari 2025 Ebola ya aina hiyo hiyo ilitangazwa tena. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Kampala ambaye alikuwa amesafiri hadi Mbale kutafuta matibabu. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 26 Aprili 2025.

Sasa tuseme kuna mama aliyetoka kambini akapanga chumba Namakwekwe, pale Mbale, ili auze mboga. (Huu ni mfano tu, si mtu fulani.) Amesikia habari hiyo redioni. Je, alikosea kuogopa? Hapana. Kunawa mikono, kutogusa maiti, kumwuliza mhudumu wa afya: hayo yote ni tahadhari.

Lakini tahadhari ina hesabu yake. Dalili za Ebola hutokea kati ya siku 2 na siku 21 baada ya mtu kuambukizwa. Mtu ambaye bado hana dalili hamwambukizi mwingine. Ugonjwa hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Hauruki hewani kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo aliyekaa karibu na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, na zikipita bila dalili anaachiliwa.

Hofu haihesabu hivyo. Mama huyu hakumgusa mgonjwa yeyote, na siku 21 zimepita mara nyingi, lakini kila kichwa kikimwuma anatafuta damu kwenye fizi. Ameacha kwenda sokoni. Fedha za mtaji zimekwenda kwenye nauli ya boda na vipimo. Watoto wanalala na uji. Ebola haikuingia katika nyumba ile, lakini hofu iliingia na kuleta njaa.

Ni hivyo hivyo kwa wale wanaorudia kipimo cha UKIMWI kila mwezi. Kipimo kikionyesha huna virusi, na imepita miezi mitatu tangu siku uliyoweza kuambukizwa, jibu hilo limetimia. Kurudia tena bila hatari mpya hakuongezi ukweli wowote. Kunaongeza hofu tu.

KWA NINI MWILI UNAUMA?

Mtu akiogopa, mwili hujitayarisha kukimbia au kupigana. Humwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo huvurugika, jasho hutoka. Sisi tuliokimbia vita tunajua: kazi hiyo ya mwili ndiyo iliyotusaidia kupita msituni usiku.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi mlio wa bunduki na wazo baya. Unawaza, "Nina ugonjwa wa moyo." Adrenalini inamwagika. Moyo unapiga mbio. Unausikia, unasema, "Ndiyo, ni wenyewe!" Hofu inazidi, na moyo unazidi. Ukipumua haraka haraka kwa muda mrefu, vidole na midomo hufa ganzi na kichwa huzunguka. Hapo mtu hudhani anakufa. Ni gurudumu linalojizungusha lenyewe.

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi wetu tuliumwa na nyoka. Tumezika watu njiani, wengine kwa kipindupindu, wengine kwa homa ambayo haikupata jina. Si ajabu tukishtuka. Matibabu yanatufundisha kutazama tena, ili tuone kama ni nyoka au ni ung'ongo.

KWANZA, UPIMWE VIZURI MARA MOJA

Usiseme mwenyewe, wala usimwambie mwenzako, "Ni mawazo tu," kabla hajapimwa. Malaria, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi la shingo, ujauzito na maambukizo mengine huweza kuleta mapigo ya moyo, uchovu na kizunguzungu. Mhudumu akuulize yote, akupime kimwili, na achukue vipimo vinavyohusika. Halafu omba akueleze majibu kwa lugha unayoielewa. Kama humwelewi, omba mkalimani. Ni haki yako.

Baada ya hapo chagua kituo kimoja na, kama inawezekana, mhudumu mmoja. Mpange siku ya kurudi, kwa mfano mara moja kwa mwezi, hata kama unajisikia vizuri. Usikimbilie kwingine katikati isipokuwa kuna dalili mpya ya hatari. Anayezunguka vituo vitano hupata majibu matano na dawa za aina tano, na hakuna anayemfahamu.

NJIA YA KWANZA: MAZUNGUMZO

Mazungumzo ya matibabu si kupiga soga, wala si kuhubiriwa. Ni kazi yenye mpango. Mshauri hukusaidia kufanya mambo haya:

1. Kuandika wazo na ushahidi wake. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja: "Nina saratani." Upande wa pili: Nani alinipima? Alisema nini? Kuna maelezo gani mengine? Asiyejua kuandika afanye kwa mdomo pamoja na mtu anayemwamini.

2. Kupunguza kujikagua. Unayejigusa shingo mara 20 kwa siku, wiki hii shuka hadi 10, wiki ijayo 5. Ngozi inayobonyezwa kila saa huuma na kuvimba kwa ajili ya kubonyezwa.

3. Kuahirisha hofu. Weka robo saa ya kuwaza, tuseme saa kumi na moja jioni. Wazo likija asubuhi, liambie lingoje zamu yake. Mara nyingi likifika zamu limepoa.

4. Kurudia yale uliyoyaacha. Kama uliacha kwenda bombani kwa kuogopa kuanguka, nenda kwanza na mwenzako, halafu nenda peke yako. Hofu hupanda, hufika juu, halafu hushuka yenyewe ukikaa nayo bila kukimbia.

Huduma hii inaweza kutolewa na watu kama sisi. Katika kambi ya Nakivale, wakimbizi wa kawaida walifundishwa kwa wiki chache kuwashauri Wanyarwanda na Wasomali waliokuwa na majeraha ya vita moyoni. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008, na wengi wa waliotibiwa walipata nafuu. Katika Rhino Camp, wanawake wa Sudan Kusini walikutana katika vikundi mara tano, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa juu ya kutuliza moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakuhudhuria. Tafiti hizo zilihusu majeraha ya vita na dhiki, si hofu ya ugonjwa peke yake, lakini zinatuonyesha kwamba mkimbizi anaweza kumponya mkimbizi mwenzake akifundishwa.

NJIA YA PILI: MAISHA YA KILA SIKU

- Usingizi. Lala na amka saa zile zile. Usilale mchana kutwa kwa sababu usiku hukulala.
- Chai na kahawa. Chai kali ya rangi vikombe vingi huufanya moyo upige mbio. Punguza, hasa baada ya saa kumi jioni.
- Pombe na mairungi. Waragi hulaza hofu usiku na kuiamsha asubuhi ikiwa na nguvu mara mbili. Mairungi huongeza mapigo ya moyo na huondoa usingizi.
- Mwili ufanye kazi. Kulima, kutembea, kucheza mpira. Hapo utajifunza kwamba moyo unaweza kupiga mbio bila ugonjwa.
- Pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi tatu au nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano.
- Habari. Chagua saa moja ya kusikiliza redio. Ujumbe wa kutisha unaozunguka kwenye simu bila jina la aliyeusema usiupokee wala usiupeleke mbele. Waulize VHT wa kijiji chako.

NJIA YA TATU: DAWA

Si kila mtu anahitaji dawa. Huhitajika pale hofu ni kali, imedumu, au imechanganyika na huzuni nzito. Ni lazima iandikwe na mhudumu aliyefundishwa.

Dawa inayotumika sana ni ya jamii ya fluoksetini. Mambo ya kujua:
- Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita.
- Siku za kwanza huweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma au kukosa usingizi. Mwenye hofu ya ugonjwa husema, "Naam, dawa inaniua," akaiacha. Uliza mapema ni madhara gani ya kutegemea. Mengi hupungua.
- Ukipona, usiiache ghafla. Kwa kawaida huendelea kwa miezi kadhaa, halafu mhudumu huipunguza pole pole.
- Mwambie mhudumu kama una ujauzito, unanyonyesha, au unatumia dawa nyingine.

Amitriptilini pia hutumika mahali pengine. Hukausha kinywa na kuleta usingizi, na ikimezwa nyingi huua. Iwekwe mbali kabisa na watoto.

Diazepamu hutuliza upesi, na hiyo ndiyo hatari yake. Ikitumika kwa muda mrefu mwili huizoea na kuidai. Usiinunue dukani bila cheti. Pia usimeze dawa za malaria bila kupimwa, wala antibiotiki "kwa usalama". Haziondoi hofu, na siku utakapozihitaji kweli huenda zisikusaidie.

Anzia kituo cha afya cha kambini. Ikihitajika utaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Walio upande wa mashariki wana hospitali za rufaa za Mbale na Jinja. Hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili ni Butabika, Kampala. Kwenda huko si aibu, na si kila anayekwenda huko ana wazimu.

JAMAA WAFANYE NINI?

Msimcheke. Msimwambie amerogwa. Lakini pia msijibu swali lile lile mara kumi kwa siku, kwa sababu kila jibu humtuliza saa moja tu, kisha lazuka swali jingine. Semeni kwa upole: "Tulishajibu jambo hili asubuhi. Twende tukachambue maharage."

DALILI ZA KUKIMBILIA KITUONI

Hata mwenye hofu huugua kweli. Nenda mara moja ukiona:
- homa, hasa kwa mtoto au mama mjamzito;
- maumivu makali ya kifua yanayobana au kwenda mkononi, au kushindwa kupumua;
- kulegea kwa upande mmoja wa mwili, degedege au kuzimia;
- kutapika au kukohoa damu, au kutokwa damu kusikoeleweka.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, na kukonda bila sababu, pia vipimwe. Wakati wa mlipuko wa Ebola mwenye homa asitembee mtaani. Mwiteni VHT afike. Na mtu akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja tofauti mbili kati ya tahadhari na hofu iliyozidi.
2. Kwa nini hofu hufanya moyo upige mbio?
3. Jirani yako ameacha fluoksetini siku ya nne kwa sababu ya kichefuchefu. Utamshauri nini?
4. Katika kijiji chetu, ni uvumi gani wa ugonjwa unaotutisha sasa? Nani anaweza kutupa ukweli wake?

Ndugu zangu, nasi wahudumu wa jamii ni wakimbizi kama ninyi, na tunapita katika vijiji vyenu kila wiki. Mwenye mfuko wa kadi zilizojaa na bado halali, atuite. Tutaketi naye, tutazisoma kadi hizo pamoja, na tutamsindikiza kituoni.