Homa ya Matumbo Ikuti: Maji Maangavu na Kipimo Kinachopotosha

Kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, haina uhaba wa mvua. Chemchemi na vijito vya milimani hutoa maji baridi na maangavu, na uangavu huo ndio unaolaghai. Salmonella Typhi, bakteria anayesababisha homa ya matumbo, yaani taifodi, haonekani kwa macho wala habadilishi ladha ya maji. Choo cha shimo kikichimbwa juu ya chanzo, mvua husomba kinyesi hadi kwenye ndoo za walioko chini.

Bakteria huyu humwishia binadamu peke yake. Maziwa hayachafuliwi naye kutoka kwa ng'ombe, bali kwa mkono wa mkamuaji au maji ya kusuuzia chombo. Baadhi ya waliopona huendelea kumbeba katika kibofu cha nyongo kwa miaka, bila dalili yoyote.

Kwa kawaida, wiki moja hadi mbili baada ya kuambukizwa, homa huanza kupanda siku hadi siku. Mgonjwa huumwa kichwa na tumbo, hukosa hamu ya kula, huharisha au hufunga choo. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo mwembamba waweza kutoboka. Maumivu makali ya ghafla na tumbo gumu huhitaji upasuaji. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tatizo kubwa lipo kwenye utambuzi. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta kingamwili, si bakteria. Maambukizi ya zamani, hata malaria, yaweza kukifanya kionyeshe ugonjwa usiokuwepo. Mtu anayeambiwa kila mwezi kuwa ana "taifodi sugu" kwa Widal pekee, akapewa siprofloksasini kila mara, huenda anaumwa malaria, brusela au maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa anazomeza bure huzidisha usugu wa bakteria. Mhudumu apime malaria kwanza. Panapowezekana, damu ioteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza. Uoteshaji nao hukosa takriban wagonjwa 4 kati ya 10, hivyo busara ya kitabibu haina mbadala.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yaachwe yakitokota dakika 3, kwani nyanda za juu maji huchemka kwa joto pungufu. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, maana kikombe kinachochovywa ndooni hurudisha uchafu uliokwisha kuuawa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumenya ndizi.