Kiti Bila Kura: Namna ya Kukiwakilisha Kikundi Chako Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata

Kata yetu ya Kiseke, kama kata nyingine za Manispaa ya Ilemela, ina Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo wengi tumezoea kuiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na ndani yake wamo wenyeviti wa mitaa. Wawakilishi wa vikundi na asasi za kiraia huingia kama waalikwa: wanakaa, wanachangia, ila hawapigi kura. Kwa sababu hiyo vikundi vingi, viwe vya VICOBA, bodaboda, mama lishe au watu wenye ulemavu, humtuma yeyote aliyepata nafasi siku hiyo, ilimradi kiti kisibaki wazi. Hapo ndipo tunapokosea. Uzoefu wa kazi hii ya kujitolea umenifundisha kwamba mwalikwa anaweza kusikilizwa sawasawa na mjumbe mwenye kura, kwa sharti moja tu: kazi yake kubwa aifanye kabla ya kikao na aiendeleze baada ya kikao. Saa mbili za kukaa mezani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe ya kamati. WDC haina mfuko mnono wa kugawana. Inapokea vipaumbele kutoka mitaani, inavichambua na kuvipanga, kisha inavipeleka halmashauri, na njiani huko kinachosafiri ni maandishi. Hoja iliyosemwa kwa sauti kubwa lakini haikuingia kwenye muhtasari imekufa mlangoni. Hoja iliyoingia kwenye muhtasari ikiwa na takwimu inamfikia mchumi wa manispaa hata kama aliyeitoa hakunyoosha mkono kupiga kura. Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri huanza kupikwa miezi ya mwisho wa mwaka uliotangulia na kupita kwa madiwani mapema mwaka unaofuata. Ukija na ombi lako mwezi wa Mei, hata liwe la haki kiasi gani, chungu kimeshaepuliwa. Kikundi kinachotaka kusikika kikutane Septemba au Oktoba, kikubaliane jambo moja, au mawili yakizidi, na kiyaandike.

Kuandika nako kuna namna yake. Kiseke, kama sehemu kubwa ya Mwanza, ina miinuko na mawe, na mvua ikinyesha maji hushuka na mchanga wake hadi kwenye milango ya watu. Tuseme kikundi cha akina mama wanaouza mboga kinataka mfereji. Ukiandika "tunaiomba Serikali itusaidie mfereji", katibu atakushukuru na kuendelea na ajenda. Andika badala yake mfereji unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu wake kwa hatua mlizopima wenyewe, kaya ngapi maji yanaziingilia, meza ngapi za biashara hufungwa siku ya mvua. Kisha eleza wananchi watatoa nini, iwe ni nguvu kazi ya kuchimba au mawe ambayo tayari wanayo, na mwisho taja kile hasa mnachoomba. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha. Ipitishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata siku kadhaa kabla ya kikao, ili siku yenyewe wawe wanaijua na wasione kwamba wameviziwa. Ujue pia mlango wa kugonga. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, maji ni MWAUWASA, umeme ni TANESCO. Kumlaumu diwani kwa nguzo ya umeme ni kupoteza dakika zako chache. Iombe kamati iandike barua kwa taasisi husika, na uulizie nakala yake.

Wapo wanaosema mwenyekiti wa mtaa tayari ni mwakilishi wa wote, sasa vikundi vya nini? Hoja hiyo ina uzito, maana mwenyekiti amechaguliwa na sisi hatukuchaguliwa na mtaa. Lakini yeye anawakilisha eneo, na yapo mahitaji yasiyofuata mipaka ya mtaa. Kijana wa bodaboda anapita mitaa yote ya kata kwa siku moja. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anakwama kwenye zahanati ileile, atoke mtaa wowote. Ndiyo maana sheria imeacha nafasi ya waalikwa, na ndiyo maana imewanyima kura: walete maarifa, uamuzi ubaki kwa waliochaguliwa. Naona mgawanyo huo ni wa haki. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kazi hii haina mshahara, na mama anayeishi kwa mauzo ya siku akifunga meza kwa ajili ya kikao, jioni watoto watauliza. Tukiliachia hilo, watakaobaki kuwakilisha maskini ni wenye nafasi zao. Sioni dawa nyingine ila kikundi chenyewe kuchanga nauli na kufidia siku ya mwakilishi wake kutoka kwenye akiba. Kikundi kinachoshindwa kumchangia mwakilishi wake hakina haki ya kumlaumu akikosa kikao.

Nguvu ya uwakilishi hupimwa kwa mrejesho, na hasa panapokuwa na fedha. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwakilishi akizipata taarifa hizi mapema na kuzinong'ona kwa kikundi chake tu, amegeuka dalali. Azitangaze kwa vikundi vyote, na kama kikundi chake kina ombi linalojadiliwa, aseme hivyo waziwazi, kisha akae kimya. Na kila baada ya kikao, ndani ya wiki moja, asimame mbele ya waliomtuma aeleze kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu yake. Hata jibu la "hapana" ni mali ya kikundi.

Mwanakikundi mwenzangu wa Kiseke, kabla hamjamchagua wa kuwatuma, mwulizeni swali moja: una daftari? Asiye nalo mnunulieni, na kikao kijacho mwombeni awasomee alichoandika.