SOMO: Mtoto wa Dar es Salaam katika Kambi ya Hitler

Ndugu wanakamati, hata hapa Nyololo wapo wanaosema mauaji ya Wayahudi milioni 6 ni habari ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Sivyo. Mwaka 1935 serikali ya Hitler iliwakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani. Kabla mwaka haujaisha, katazo hilo liliwafikia Waafrika pia.

Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliwatumikia Wajerumani vitani akiwa bado mtoto (malipo yake aliyafuata hadi Berlin!). Huko alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafungwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa. Alifia humo Novemba 1944. Jina lake liliwekwa kwenye jiwe la ukumbusho mtaani Berlin mwaka 2007.