Mchanga Hautaki Nguvu: Vidokezo vya Kuendesha Foo Wili kwenye Vilima vya Wahiba

Ukitoka Maskati kwenda Sur kwa njia ya bara, unaipita Ibra, mji ambao hukosi mzee wa kukuitikia "marahaba" kama uko Unguja. Mbele kidogo ni Bidiyah. Lami ipo, mitende ipo, maduka yapo. Geuza shingo upande wa kusini, ukuta mwekundu wa mchanga umekukabili. Hiyo ndiyo Ramlat al-Wahiba, siku hizi pia huitwa Mchanga wa Sharqiya: kilomita za mraba zipatazo 12,500, na vilima vingine vinafika mita 100 kwenda juu.

Wageni wetu kutoka Dar na Mombasa wakija kutembelea jamaa, hawaishi kuuliza lini wataendesha huko. Waendeshe, raha yake haina mfano. Lakini aliyezoea kupambana na matope ya masika aje na moyo wa kujifunza upya, maana mchanga una tabia zake.

1. Toa upepo kabla ya yote. Nikiruhusiwa kukupa kidokezo kimoja tu, ni hiki. Matairi yaliyojazwa PSI 35 kwa ajili ya lami yapunguze hadi 18 au 15. Chuchumaa, fungua kifuniko cha vali, bonyeza kile kisindano cha ndani kwa ncha ya ufunguo, sikiliza upepo ukitoka, kisha pima kwa geji. Utaona tairi linalala na wayo wake unarefuka. Uzito wa gari unatandazika badala ya kuchimba, kama unyayo wa ngamia. Kumbuka kwamba tairi lililotoka kukimbia kilomita 200 lina moto, na geji itasoma juu kuliko hali yake halisi. Likipoa litashuka zaidi. Basi pumzika kidogo, pima tena. Usiende chini ya 12, kwani ukikata kona kwa ghafla tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

2. Usiingie peke yako. Magari mawili ndiyo uchache wake. Beba beleshi, kamba ya kuvutia gari, geji, pampu ya umeme, na maji mengi kuliko unavyodhani utakunywa. Mwambie mtu aliyebaki mjini unaelekea wapi na unarudi saa ngapi; katikati ya vilima simu haishiki.

3. Usome mchanga. Upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukizirudisha jahazi za Sur kutoka Zanzibar, ndio hasa uliovijenga vilima hivi. Kwa kawaida upande unaopigwa na upepo ni wa mteremko wa taratibu na umeshindiliwa. Upande wa pili, mchanga unapoangukia, ni mlegevu na mkali, unafika nyuzi 34 hivi. Asubuhi mchanga una ubaridi na unyevu wa usiku, unakubeba. Saa sita mchana umelegea, na tena jua la utosini linafuta vivuli vyote: bonde na tambarare vinaonekana kitu kimoja. Mimi saa hiyo naegesha gari, nachemsha chai.

4. Kasi itafute chini, si mlimani. Ingiza foo wili na uchague gia ukiwa bado kwenye tambarare, kisha panda kwa mguu mmoja usiobadilika. Kama gari lina kifaa cha kuzuia kuteleza kinachojikatia mafuta chenyewe, kizime, la sivyo kitakunyima nguvu pale unapoihitaji. Ukikaribia kilele, punguza. Huko ng'ambo huenda kuna shimo, ngamia au gari jingine linapanda. Ndiyo maana magari ya hapa hufungwa fimbo ndefu yenye bendera: bendera inaonekana kabla ya boneti.

5. Panda wima, shuka wima. Gari likikataa kufika juu, usikate usukani kutaka kugeuza. Ukilala ubavu kwenye mteremko, tairi la chini linazama, na gari linabiringika. Tia rivasi, ushuke nyumanyuma kwenye alama zako mwenyewe. Wakati wa kuteremka tumia gia ya chini, injini ikuzuie. Mkia ukianza kupepesuka, ongeza mafuta kidogo na uelekeze pua bondeni. Moyo utakataa, ufanye hivyo hivyo.

6. Breki iache ipumzike. Ukifunga breki, matairi yanajikusanyia kilima kidogo cha mchanga kwa mbele, na kuondoka tena ni kazi. Achia mafuta gari lisimame lenyewe, na lisimame pua ikitazama chini.

7. Ukikwama, toa mguu papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nimo. Mara yangu ya kwanza nilikwama kidogo tu, tairi zikiwa zimezama vidole vinne. Badala ya kutulia nikakanyaga mafuta kwa sekunde chache, na gari likakaa kwa tumbo, chesisi juu ya mchanga, magurudumu yakizunguka bure. Tulichimba saa nzima juani. Sasa najua utaratibu wake: shuka, tazama kila tairi, ondoa mchanga ulio mbele, nyuma na chini ya tumbo, punguza upepo kidogo zaidi bila kupita ile 12, kisha rudi nyuma polepole kwenye njia uliyojia, kwa sababu huko mchanga umeshashindiliwa na uzito wako. Ikishindikana, mwenzako akuvute. Kamba ifungwe kwenye ndoano imara iliyoshikana na chesisi ya kila gari. Kamwe usiifunge kwenye lile tufe la kukokotea tela: likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu. Wengine wote wasimame mbali.

8. Kuna wenyewe. Wahiba ni makazi ya Mabedui, na ngamia unaowaona wana wenyewe, hata kama hakuna mtu karibu. Pita mbali na mahema. Mighafu, miti inayowapa watu na mifugo kivuli, usiikanyage wala usiikate kuni. Ukikutana na mwenyeji, simama, toa salamu, muulize hali ya njia ya mbele. Maelezo yake ya dakika mbili yanaishinda ramani ya simu.

9. Jaza upepo kabla ya lami. Mkiwa mmechoka na jua linazama, kishawishi cha kusema "tutajaza mbele" ni kikubwa. Tairi lenye PSI 15 likikimbizwa kwa kasi ya barabara kuu linajikunja, linachemka na kupasuka. Simama pale pale mchanga unapokwisha, toa pampu, rudisha matairi yote manne kwenye 35. Ni dakika ishirini hivi, na Maskati bado ni mwendo wa zaidi ya saa mbili.