'Closure' na Kitenzi -funga: Mfano wa Mahakama ya Arusha

Neno la Kiingereza 'closure' hubeba dhana mbili: kusitishwa kwa shughuli za chombo fulani, na kutulia kwa moyo wa aliyefikwa na msiba. Nomino hiyo haimtaji mtenda. Kitenzi cha Kiswahili humtaka.

Tuchukue mfano wa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 baada ya kuwafungulia mashtaka watu 93. Hapa kauli ya kutendwa inafaa kabisa. Hata hivyo, kufungwa si kwisha: mashauri yaliyosalia yalirithiwa na chombo kingine kilichoanza kazi papo hapo Arusha mwezi Julai 2012.

Kwa manusura hali ni tofauti. Kiswahili husema kidonda kimefunga, kauli ya kutenda isiyo na yambwa. Kidonda hufunga chenyewe. Kikifungwa, kimefungwa bendeji tu. Vivyo hivyo, wanaoondoa matanga ni wafiwa wenyewe, wala hakuna azimio la New York liwezalo kuwaondolea.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba hukumu 'imewafungia manusura ukurasa' amewapokonya utenda wao, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la maana, si la mtindo tu. Aandike kwamba wameondoa matanga, iwapo wameyaondoa. La sivyo, aandike kwamba mahakama imefungwa, basi.